Nifungie Muziki

Funguo za gereji nimeshawapa, na ile bisibisi yenye mpini wa njano nimewaachia pia, ingawa moyo uliniuma. Sasa mnataka niwaandikie mambo ya kazi. Mengine mnayajua kunizidi. Siku hizi redio ya gari ina kioo kikubwa kuliko televisheni tuliyoanza nayo maisha mimi na baba Nyemo. Lakini yapo ambayo hayamo kwenye hizo video mnazotazama simuni wakati mteja amesimama anawasubiri. Hayo ndiyo nitakayoandika, na atakayechoka njiani apumzike, mimi sasa nina muda.

Kazi hii sikuitafuta. Nilimpelekea Fundi Elia redio ya mama iliyokuwa imekufa. Nilimkuta amelala chini ya dashibodi ya gari moja, nje imebaki miguu tu. Miguu ikasema, "Nipe koleo." Nikatoa koleo. "Nipe tepu." Nikatoa tepu. Tukaendelea hivyo mpaka jua likawa la utosi, ndipo akatoka, akajipangusa vumbi, akaniuliza, "Wewe ni nani?" Nikamwambia nimeleta redio ya mama. Akaitazama redio, akanitazama na mimi. "Redio hii ni ya kuzika," akasema. "Wewe kesho uje mapema."

Nikaenda. Miaka ile msichana akionekana gereji watu walijua ameleta chai. Wateja waliniagiza maandazi, nami nikawa nawajibu kwamba maandazi hatuna, tuna spika. Fundi Elia alikuwa Mgogo mwenzangu, mwembamba, sauti ya nne kwenye kwaya ya kanisa, na kila aliyeingia alimpokea kwa "mbukwenyi" hata kama mtu mwenyewe ni Mchaga na hajui aitikie nini. Hakuwa na maneno mengi. Ila alikuwa na sheria moja iliyonitoa jasho kuliko zote: usiguse kiti cha mteja.

Maana yake ni hii. Gari likija, kabla hujashika hata bisibisi, ingia ukae pale anapokaa mwenye gari, kiti kikiwa vilevile alivyokiacha. Kama ni mfupi na kiti kimesogezwa mpaka usukani unakugusa kifua, kaa hivyohivyo. Fumba macho, sikiliza. "Muziki haufungwi kwenye gari," alikuwa akisema, "unafungwa kwenye masikio ya mtu mmoja, na masikio hayo yanakaa pale." Mimi ni mrefu, mnanijua. Nimewahi kukaa kwenye kiti cha mwalimu mmoja mfupi mpaka magoti yakawa karibu na masikio, naye Fundi Elia amesimama nje, ameegemea mlango, ananiuliza kwa upole kama naisikia besi.

Nyumbani mama hakuwa akielewa ninachofanya. Kiswahili yeye alikijua ukubwani, huko kwetu kijijini walikuwa na Kigogo chao na kiliwatosha. Jioni moja akaniuliza nimeshinda nikifanya nini. Nikamwambia nimefunga muziki kwenye gari la mtu. Akafikiri. Kisha akasema, "Kama umeufunga, mbona lilipita hapa likilia?" Tulicheka sana siku ile. Ningekuwa na akili ningeyaweka maneno yake mahali pa karibu, yangenifaa mbele ya safari.

Niwape na ya ufundi kidogo, msije mkasema bibi anasimulia hadithi tu. Kulikuwa na pikapu ya muuza mboga iliyotusumbua mno. Muziki ulikuwa mzuri gari likiwa limesimama, lakini ukikanyaga mafuta unasikia mluzi kwenye spika, na kadiri unavyokanyaga ndivyo mluzi unavyopanda. Nilibadilisha redio, nikabadilisha amplifaya, mluzi upo. Fundi Elia alikaa kwenye kigoda chake anakula karanga, haniambii kitu. Mwisho nikaufuata waya wa ethi mpaka ulipofungwa kwenye bodi ya gari, nikakuta umekazwa juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, wanangu. Kwangua mpaka chuma king'ae, ndipo ukaze. Na waya mkubwa wa kutoka kwenye betri upite upande mmoja wa gari, waya za sauti upande mwingine, kama wakwe na wakwe. Na fyuzi ikae karibu na betri. Anayeiweka mbali anatafuta kuunguza gari la mtu.

Macho yalipomshinda, Fundi Elia aliniachia gereji na kile kigoda. Serikali ilipohamia Dodoma magari yakajaa mji, na kila aina ya mteja ikapita pale Miyuji. Wapo vijana wanaotaka sabufa ya kutikisa namba ya gari, hao hawataki kusikia muziki, wanataka majirani wasikie. Wapo mabosi wanaotaka muziki wa gharama halafu wanasikiliza taarifa ya habari. Nimewafungia wote bila kinyongo. Lakini gari ninalotaka kuwasimulia lilikuwa Carina moja ya kawaida kabisa, rangi ya fedha iliyofifia, iliyokuwa ikitoka Miyuji kila siku alfajiri kwenda Hombolo na kurudi jioni.

Lilikuwa la Mzee Idi, Mrangi wa Kondoa. Maisha yake yote alikuwa dereva wa basi. Alipostaafu alinunua shamba la zabibu kule Hombolo, akahamia Miyuji na mkewe, Bi Hadija. Kila siku walikwenda pamoja, mzee kwenye usukani na mama kushoto kwake. Nilikuwa nikiwaona wakipita. Muziki wao ulisikika kabla gari halijatokeza, taarabu za zamani, kwa sauti ambayo hata vijana wa sabufa waliiheshimu.

Mchana mmoja wakakata kona, wakaingia gereji.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi," mzee akaitikia, akashuka kwa madaha ya madereva wa zamani, wale wanaoshuka kwenye gari dogo kama wanashuka kwenye basi. "Spika za kushoto zimekufa. Zote, ya mbele na ya nyuma. Nitolee uniwekee mpya. Na redio nayo ibadilishe, hii imezeeka kama mimi."

Bi Hadija hakushuka. Aliitikia shikamoo yangu kupitia dirishani, akatazama mbele. Mzee akaelekea msikitini kuwahi adhuhuri, nami nikaingia kwenye kiti cha dereva, sikukigusa, nikafumba macho. Balansi, ile ya kugawa sauti kulia na kushoto, ilikuwa imezungushwa yote kulia. Nikairudisha katikati. Spika za kushoto zikalia vizuri kabisa. Nikaizungusha yote kushoto, zikalia zaidi. Nikajisemea moyoni, haya. Wateja wengi wakitaka vipya husema vya zamani vimekufa, na kazi yangu si kubishana na mtu aliyekuja kunipa kazi.

Nilipotaka kushuka Bi Hadija akanigusa mkono.

"Mdogo wangu," akasema kwa sauti ndogo. Huyo mama ana sauti ndogo, lazima umsogelee. "Nina ombi. Naomba unifungie muziki."

"Nitakufungia mama, usijali."

"Unifungie kabisa."

"Kabisa, mama."

"Na ufunge imara. Njia ile ina makorongo, usije ukafunguka tena tukiwa njiani."

"Mama," nikamwambia, "nikifunga mimi haufunguki."

Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akanishukuru mpaka nikaona haya. Nikafurahi sana. Mara ngapi mume anakuja kuweka muziki na mke anamng'ong'a? Hawa wamekubaliana, tena mama ndiye mwenye hamu zaidi. Nikasema hii Carina nitaifunga kama ya kwangu.

Na niliifunga kweli. Gari la kila siku lina adabu zake. Buti lao lilibeba kreti za zabibu na mitungi ya maji, kwa hiyo sikuweka boksi kubwa la sabufa, niliweka ile nyembamba chini ya kiti cha abiria. Milango niliifungua, nikabandika raba ndani ili bati lisitetemeke, nikaziba matundu vumbi lisiingie, maana vumbi letu mnalijua, linaingia hata kwenye ndoto. Spika mpya nne, na redio mpya. Waya nilizivika nailoni na kuzifunga kila hatua. Kila skrubu niliikaza nikikumbuka makorongo ya Bi Hadija. Nilipomaliza nikakaa kwenye kiti cha mzee nikasikiliza, na nawaambia ukweli, nilijipongeza.

Kesho yake wakaja. Mzee akaingia kwenye usukani, mama akaingia upande wake, nikawasha. Muziki ukajaa gari zima. Mzee akatikisa kichwa kwa kuridhika, kisha akakunja uso.

"Kulia safi sana, fundi. Kushoto bado."

"Bado nini, mzee?"

"Bado zimekufa."

Spika mpya nilizozitoa ndani ya boksi kwa mikono yangu. Nilikuwa natafuta neno la heshima la kumjibu, mlango wa kushoto ukafunguka. Bi Hadija alishuka taratibu, magoti yake yalikuwa mabovu, akaenda kukaa kwenye benchi chini ya bati. Nikamfuata.

"Mama, vipi?"

"Nilikuambia unifungie," akasema.

"Nimekufungia, mama."

"Nilisema ufunge."

"Nimefunga."

"Mbona unalia?"

Mama yangu mzazi, Mungu amrehemu, alinijia kichwani palepale na swali lake. Nikakaa kwenye benchi. Aliyekuja kwangu alitaka nimfungie muziki kama mtu anavyofunga mlango, na mimi nikamfungia kama fundi. Nikamwambia, "Mama, ulitaka niuzime?"

"Usilie tena kabisa." Machozi yalikuwa yanamtoka na hakuyafuta. "Mume wangu hanisemeshi. Nikianza kuongea anaongeza sauti. Sijui nimemkosea nini. Nyumbani kuna wajukuu, nyumba imejaa, mambo yetu sisi tuliyazungumzia barabarani tangu aliponioa. Sasa humo ndani ananizibia mdomo kwa taarabu."

Nikamuuliza ni tangu lini. Akasema ni muda sasa, ilianza kidogokidogo. Kisha akaniambia jambo lililomuuma kuliko yote. Magoti yalipomzidi, akawa hawezi tena kuchuma zabibu, anakaa tu kivulini anasubiri mume amalize. Siku moja wakiwa njiani alijikaza akamuuliza: "Idi, mimi siku hizi si nimekuwa mzigo tu? Nibaki nyumbani, nisikuchoshe?" Alitaka aambiwe hapana. Mzee akanyoosha mkono, akaongeza muziki.

"Nimejibiwa," akasema Bi Hadija. "Jumamosi napanda basi narudi Kondoa kwa kaka yangu. Begi nimeshafunga."

Hilo la begi nilielewa vizuri, halikuwa na maana mbili.

Nilirudi kwenye Carina sijui nifanye nini. Mambo ya ndoa za watu sikufundishwa na Fundi Elia. Mzee alikuwa bado kwenye usukani, redio ameipunguza, anasubiri. Nikakumbuka kwamba tangu jana nilikuwa nimekaa kwenye kiti kimoja tu, cha mwenye gari. Lakini gari hili lilikuwa na wenyewe wawili. Nikafungua mlango wa kushoto, nikakaa alipokaa Bi Hadija, na kiti sikukigusa.

"Mzee," nikamwambia kwa sauti ya kawaida, "mama analia kule."

Hakugeuka. Alikuwa anatazama mbele, kwenye ukuta wa gereji.

"Mzee Idi."

Akashusha pumzi, akanyoosha mkono, akaongeza muziki. Nikamtazama usoni. Haukuwa uso wa mtu anayemziba mwenzake mdomo. Ulikuwa uso wa mtu aliyekaa peke yake kwenye gari.

Nikashuka. Nikazunguka upande wake, nikasimama kwenye dirisha lake, nikamwambia kwa sauti ileile, "Mzee, naomba tupime hizi spika." Akageuka mara moja. "Enhe, pima."

Nikamwita Bi Hadija aje asimame kwenye mlango wa kushoto, mlango wazi. Nikarudi kwenye kiti chake, nikamwonesha mzee kwa ishara afumbe macho na anyooshe kidole mahali sauti inapotokea. Balansi katikati, akanyoosha kulia. Nikaizungusha kidogo kushoto, akanyoosha kulia. Nikaizungusha yote kushoto, na spika ya mlango ikawa inalia kwenye magoti ya Bi Hadija mpaka khanga inatikisika.

"Sasa umezima," akasema mzee, macho bado amefumba.

Bi Hadija akanitazama. Kisha akamtazama mumewe. Akaweka mkono mdomoni.

Mzee kuona kimya kimezidi akafumbua macho. Akauona mkono wangu haujagusa swichi. Akauona uso wa mkewe. Akajinyoosha kupita mapajani mwangu, akaweka kiganja juu ya spika ya mlango wa kushoto, akakiacha hapo kwa muda.

"Inalia," akasema.

Nikazima redio. Alikaa akitazama kiganja chake. Halafu akasema polepole, kama anayejieleza mwenyewe, kwamba kwenye yale mabasi ya zamani injini ilikaa ndani, kushoto kwa dereva, chini ya bonge la mfuniko. Miaka yote hiyo ilikuwa ikiunguruma kwenye sikio hilo. Alijua sikio limechoka. Hakujua kama limeshakwenda.

Kisha akamgeukia mkewe, akaugeuza uso mzima ili sikio la kulia limwelekee. "Hadija, mimi nilidhani umeninyamazia."

"Mimi?"

"Tangu magoti yaanze kukuuma. Nikasema amechoka na mimi, na shamba langu, na hii njia yenye makorongo. Hanisemeshi tena. Gari likawa na kimya kibaya, nikawa naweka muziki."

Bi Hadija akaja karibu kabisa na dirisha la kulia. "Idi," akasema, "sikukunyamazia hata siku moja. Ninaongea kuanzia hapa mpaka Hombolo."

Mzee akafunika uso kwa mikono yake. Mimi nikaenda kutafuta kitu ambacho hakijapotea kwenye kabati la spana, kwa sababu na mimi nina macho.

Mngedhani yameisha. Nilimwambia mama, sasa mwulize lile swali, sikio zima lipo. Akakataa. "Nililiuliza humo ndani, kwenye kiti changu, gari likiwa barabarani. Nikimvizia upande huu, hapa gereji, nimpigie kelele jambo la siri, si jibu hilo." Nikamuuliza kuhusu begi. Akasema hajalifungua. Mnaona? Kujua sababu si sawa na kujibiwa. Nikamwambia mzee aende hospitali akapimwe, na gari aniachie mpaka Ijumaa.

Nilifikiria kumweka mama nyuma ya dereva, upande wa kulia. Alinijibu kwamba yeye si abiria wa teksi. Basi lazima sauti yake itoke kushoto na ifike kulia bila yeye kuhama. Redio mpya ilikuja na maiki ndogo ya kupigia simu, ya waya. Nikaipachika kwenye kizuia jua cha upande wake, nikaiunganisha na amplifaya ndogo, nikaweka spika ndogo ya upana wa kisoda kwenye kiegemeo cha kichwa cha mzee, kulia. Nikawasha. Ikapiga yowe la fisi, vijana waliokuwepo walikimbia wakaacha chai. Maiki ilikuwa inasikia spika, spika inaitikia maiki, wanapokezana mpaka wanalia wote. Nikapunguza sauti, yowe likaisha lakini maneno nayo yakaisha. Siku nzima nilihangaika. Mwisho nikakaa tena kwenye kiti cha Bi Hadija, nikafumba macho, na mkono ukagusa mkanda wa kiti, pale unapopita kifuani. Huyu mama ana sauti ndogo, lazima umsogelee. Basi maiki nayo imsogelee. Nikaipachika kwenye mkanda kwa klipu, karibu na mdomo. Spika ya mzee ikaweza kunong'ona tu, na yowe halikurudi.

Kilichobaki kilikuwa ni muziki wenyewe. Kwenye mlango wake, pale kiganja kinapotua, nikamwekea swichi moja ya kubonyeza, na nyuma yake relei, kile kiswichi kinachovutwa na umeme. Akibonyeza, muziki wote unakatika na maiki inafunguka. Akiachia, muziki unarudi. Nilimuahidi kumfungia muziki, na sasa nikawa nimemfungia kwa maana zote mbili.

Ijumaa wakaja baada ya swala. Hospitali walikuwa wamemwambia mzee lile la kushoto ndiyo basi, hili la kulia nalo limeanza kuchoka, alitunze, makelele yamtoshe. Nikapunguza sauti ya spika mbele yake. Nikamwonesha mama swichi, nikamfunga mkanda, nikaweka maiki sawa. Mimi nikakaa kiti cha nyuma ili nisikilizie kama yowe litarudi gari likitembea. Ningejua kitakachosemwa ningeshuka, lakini tulishaingia barabarani.

Taarabu ilikuwa inalia kwa adabu. Tulipoacha nyumba za Miyuji nyuma, ikakatika.

"Idi," akasema Bi Hadija, kwa sauti yake ileile ndogo.

Mzee alishtuka, akakaribia kuingia mtaroni. "Naam."

"Mimi siku hizi si nimekuwa mzigo tu? Nibaki nyumbani, nisikuchoshe?"

Mzee Idi akapunguza mwendo. Halafu akasimamisha gari pembeni, akavuta handbreki kama dereva wa basi aliyefika kituo kikuu.

"Hadija," akasema, "lile shamba kuna kijana pale angeweza kulilima peke yake, mimi ningebaki nyumbani na gazeti. Zabibu zenyewe sizili, zinaniletea kiungulia. Unadhani kila siku nafuata nini Hombolo?"

Bi Hadija akamgeukia, kidole bado kwenye swichi.

"Nafuata safari. Saa nzima ya kwenda na saa nzima ya kurudi, wewe ukiwa hapo. Ukibaki nyumbani mimi naendesha niende wapi?"

Mama aliachia swichi bila kujua, taarabu ikarudi katikati ya kilio chake. Akaibonyeza tena, akasema, "Twende basi, jua linashuka." Nami nikasema nyuma kule kwamba maiki iko sawa, nishushwe. Hakuna aliyenisikia. Nilikwenda mpaka Hombolo, nikarudi nao jioni na kreti ya zabibu magotini.

Jumamosi Bi Hadija alikwenda Kondoa kweli. Walikwenda wote wawili, kwa Carina, kumsalimia kaka yake, na begi lile lililofungwa wakalijaza zawadi.

Kwa hiyo, wanangu, mteja akiwaambia "nifungie", msikimbilie bisibisi. Muulizeni anataka muziki ulie au ukae kimya. Na kaeni kwenye viti vyote, si kile chenye usukani tu.

Kuna jambo moja mnalonilaumu, na ndilo lililonifanya niandike haya yote. Ile Carina bado inapita pale kila alfajiri, na kila ikifika kwenye kona yetu muziki unakatika ghafla, kisha unarudi, kisha unakatika tena. Mmekuwa mkiniambia waya zimelegea, fundi, ni aibu kwa gereji, tuwakimbilie tuwasimamishe tukaze. Mkinisikia nikisema waacheni mnadhani ni uzee. Waacheni. Hakuna waya uliolegea pale. Ni mama, anaongea.